Kielezi Ndani ya Kitenzi

Ukitoka Dodoma kwenda Singida mjini, Mkiwa ndipo barabara inapogawanyika. Njia kuu huendelea kaskazini kuelekea Singida, Nzega na mikoa ya Ziwa. Nyingine hukata kwenda Itigi, kisha Rungwa, Makongolosi na Chunya mpaka Mbeya. Mahali penyewe pamo wilayani Ikungi, katika nchi ya Wanyaturu, na kwa kuwa ni njia panda, lugha nyingi hupita hapo: Kinyaturu cha wenyeji, Kigogo cha majirani wa kusini, Kinyiramba, Kisukuma, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Kiingereza hakiuzi nyanya wala hakiiti abiria. Kinakaa darasani, na makali yake huonekana kidato cha kwanza, pale mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili anapokuta biolojia, jiografia na hesabu zimegeuka lugha.

Kuna jambo dogo linalomsumbua mtoto huyo kuliko watu wanavyodhani. Ni mahali pa kielezi. Anaambiwa aseme "I have already read the book", neno "already" likibanwa katikati ya vitenzi viwili. Anaambiwa "She always comes late", kielezi mbele ya kitenzi. Kisha sentensi nyingine inamwambia "She is always late", kielezi nyuma ya kitenzi. Akiuliza kwa nini, mara nyingi hujibiwa kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, akariri. Jibu hilo si la haki. Mpangilio huo una historia ya zaidi ya miaka 600, umegombaniwa na viongozi wa kanisa na waandishi, umewahi hata kulazimisha kiapo cha rais kirudiwe, na nusu yake mtoto wa Mkiwa anayo tayari kinywani.

Chukua kitenzi "nimeshasoma". Kipasue: ni, me, sha, soma. Sasa weka Kiingereza chini yake: "I", "have", "already", "read". Mfuatano ni uleule, kipande kwa kipande. Mtendaji, alama ya tendo lililotimia, neno la kwamba jambo limekwisha kupita, kisha tendo lenyewe. Kinachotofautiana ni kwamba Mwingereza ameviacha vipande vinne vikisimama mbalimbali, Mswahili amevishona vikawa neno moja. "Hajaja" nacho ni vilevile: ukanushi, kisha ile -ja- inayobeba maana ya bado, kisha tendo, na Mwingereza husema "has not yet come", akiweka "not" na "yet" kabla ya kitenzi kikuu. Ukisema "huchelewa", ile hu- ya mwanzo inafanya kazi ambayo Kiingereza humpa kielezi "usually", nayo inatangulia tendo kama "usually" inavyotangulia.

Ulinganifu huu haukuzuka hivihivi. Lugha zote mbili zimepita njia ndefu, na zimetumia malighafi inayofanana mno.

Tuanze na yetu. Kiambishi -sha- kilikuwa kitenzi kamili, kwisha. Wazee wa pwani walisema "nimekwisha kusoma", vitenzi viwili, kila kimoja na hadhi yake. Matamshi ya kila siku yakakifupisha kuwa "nimekwishasoma", kisha "nimeshasoma", na leo vijana wa mijini husema "nishasoma", wakiwa wamemeza hata -me-. Hiyo -me- yenyewe ni mabaki ya kitenzi cha kale cha Kibantu, -mala, chenye maana ya kumaliza, ambacho Wasukuma na wengine wengi wa bara bado wanacho. Alama ya wakati ujao, -ta-, ilitoka katika kutaka. Alama ya -li- ni kitenzi cha kuwa. Kwa hiyo kitenzi cha Kiswahili ni msafara wa vitenzi vya zamani, vya mbele vimechakaa hadi vikawa silabi, cha mwisho ndicho kinachobeba mzigo wa maana.

Waingereza walifanya hayohayo kwa vipande vyao. Neno lao "will" lilikuwa na maana ya kutaka, sawasawa na ile taka yetu. "Have" lilikuwa la kumiliki kitu mkononi. Vitenzi hivyo vilipopungukiwa na uzito vikawa visaidizi, lakini havikugandamana na kitenzi kikuu. Palibaki nafasi katikati, na nafasi hiyo ndiyo kielezi kilipoingia.

Si kwamba kielezi cha Kiingereza kilikaa hapo siku zote. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kitenzi kiliweza kukaa mahali pa pili katika sentensi, au mwisho kabisa katika kishazi tegemezi, kama Kijerumani cha leo. Baadaye, mpaka siku za Shakespeare, kitenzi kikuu bado kilikuwa na nguvu ya kusogea mbele, kikaruka ukanushi na vielezi. Mtu alisema "I know not" bila kuonekana mshairi. Kitenzi kilitangulia, "not" ikafuata. Karne ya 16 ndiyo iliyoanza kubadilisha mambo. Kisaidizi "do" kilienea katika maswali na ukanushi. Mtaalamu wa Sweden, Alvar Ellegård, alikusanya ushahidi wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1953, nao unaonyesha jinsi matumizi yalivyopanda katika karne hiyo. Kitenzi kikuu kikaacha kuruka. Kikabaki mahali pake karibu na yambwa, na vile vielezi vilivyokuwa vikirukwa vikajikuta viko mbele yake. Hivyo ndivyo "She always comes" ilivyopata umbo lake. Wafaransa hawakupita njia hiyo: kwao kitenzi bado kinaruka, kielezi kinabaki nyuma, na ndiyo maana watoto wa Bujumbura au Bukavu waliosoma kwa Kifaransa huteleza mahali tofauti na watoto wa Singida wanapokutana na Kiingereza.

Mabadiliko hayo yaliletwa na midomo ya watu. Wasomi walikuja nyuma, na wengi wao walikuja kukataza. Robert Lowth, aliyekuwa baadaye askofu wa London, alitoa sarufi yake mwaka 1762, na kati ya mambo aliyoyalalamikia ni kielezi kinachokaa mbali na neno kinalolihusu, hasa "only". Lalamiko lake lilikuwa na msingi. Kiingereza huweka "only" mbele ya kitenzi hata pale linapohusu yambwa, na msomaji anabaki kukisia. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa sababu "tu" hufuata kile kinachobanwa: nimenunua chumvi tu, basi imeeleweka ni chumvi.

Katazo lililotesa watu zaidi lilikuja karne ya 19. Waingereza walikuwa wamezoea tangu karne za 13 na 14 kuweka kielezi kati ya "to" na kitenzi. John Wyclif na wenzake katika karne ya 14 walifanya hivyo mara kwa mara. Lakini mwaka 1834 mwandishi mmoja wa jarida la Marekani alikemea zoea hilo, na mwaka 1864 Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, akalikemea kwa sauti ya mamlaka. Shule zikalichukua kama amri. Amri ikazaa hofu, na hofu ikavuka mpaka wake: watu wakaanza kuogopa hata kuweka kielezi kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu, mahali ambapo Kiingereza chenyewe hukipenda zaidi. Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliishambulia hofu hiyo waziwazi. Alikuwa sahihi, na ninaamini vitabu vyetu vya shule vingenufaika zaidi kwa kumsoma Fowler kuliko kwa kurithi woga wa Alford.

Wakati Alford anaandika Canterbury, mmisionari Edward Steere alikuwa anashuka Unguja pamoja na Askofu Tozer, mwaka huohuo wa 1864. Mmisionari mwingine, Johann Ludwig Krapf, alikuwa ametangulia Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850. Kitabu cha Steere kilitoka mwaka 1870. Kazi yao ni kubwa na haipaswi kubezwa. Bila wao tusingejua Kiswahili cha siku zile kwa kina tunachokijua. Ila walikuja na mgao wa maneno uliotoka kwa Wagiriki na Warumi, ambamo kielezi ni aina ya neno linalosimama peke yake. Basi wakaweka vielezi katika sehemu yake: sasa, leo, sana, vizuri, upesi. Na -sha-, -ja- na hu- wakaziweka kwenye sehemu ya vitenzi na nyakati zake. Ethel Ashton, ambaye sarufi yake ya mwaka 1944 ilisomwa na vizazi viwili vya wanafunzi wa Kiswahili, aliichambua mizizi ya vitenzi kwa ustadi ambao mpaka leo unastaajabisha, lakini mgao wa sura ulibaki. Wataalamu wetu wenyewe waliokuja baadaye, kutoka *Sarufi Maumbo* ya Kapinga ya mwaka 1983 hadi vitabu vya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili vya mwisho wa karne, walitupa istilahi safi, kielezi, kiambishi, kirai, kikundi kitenzi. Ukuta kati ya sura zile mbili haukuvunjwa.

Matokeo yake yalionekana darasani. Mwalimu wa Kiswahili alifundisha -sha- kama alama ya hali. Mwalimu wa Kiingereza, katika chumba hichohicho, kipindi kinachofuata, alifundisha "already" kama kielezi chenye mahali pa ajabu. Mwanafunzi hakuambiwa kwamba wanazungumzia jambo moja.

Mbinu za kufundishia Kiingereza nazo zilitoka mbali. Harold Palmer, aliyefanya kazi Japani tangu mwaka 1922, na A. S. Hornby aliyemfuata hukohuko, waligundua njia nzuri ya kueleza mahali pa kielezi. Walihesabu maumbo 24 ya vitenzi visaidizi na vya hali, yale yanayoweza kupokea "not" moja kwa moja, wakasema: vielezi kama "always", "often" na "never" hukaa baada ya maumbo hayo, na kabla ya kitenzi kingine chochote. Kanuni ni fupi na haina utata. Kamusi ya Hornby, ambayo chapa yake ya Oxford ilitoka mwaka 1948, na kitabu chake cha miundo cha mwaka 1954 viliifikisha kanuni hiyo katika makoloni. Lakini Palmer na Hornby waliiunda wakiwa na Mjapani mbele yao. Kitenzi cha Kiswahili hakikuwa mezani, na hakuna aliyekiweka mezani kanuni ilipofika Tanganyika.

Tanganyika yenyewe ilikuwa na msimamo wake juu ya lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930 Frederick Johnson akiwa katibu, na Kiswahili kikawa lugha ya madarasa ya chini huku Kiingereza kikingoja juu. Mvulana kutoka Butiama aliyeingia shule ya Tabora mwaka 1937 alikipanda Kiingereza kwa ngazi hiyo mpaka Makerere na Edinburgh. Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963, na ile ya *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, alikuwa anafanya kwa vitendo kile ambacho sarufi hazikukifanya. Alichukua Kiingereza cha Shakespeare, ambacho kitenzi chake kilikuwa kingali kinaruka vielezi, akakipitisha katika kitenzi kinachovibeba tumboni. Mtafsiri hawezi kukwepa swali la wapi "already" itakwenda. Lazima aijibu mstari kwa mstari, na jibu lake mara nyingi ni silabi moja.

Baada ya mwaka 1967 shule za msingi ziligeukia Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zianze kuhamia Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, katika utafiti wao, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine, na dawa iliyotolewa ikawa mradi wa kuimarisha Kiingereza, ulioanza mwaka 1987. Ubishi huo haujaisha, na siutatui hapa. Ninachosema ni kwamba kila upande ulidhani lugha mbili zinagombea kiti kimoja. Kutumia sarufi ya Kiswahili kumfungulia mtoto sarufi ya Kiingereza kungewezekana chini ya sera yoyote, ile ya Makweta au ile iliyoshinda.

Tarehe 20 Januari 2009 dunia nzima iliona kielezi kikipotea njia. Katika kijiji cha Kogelo, Siaya, watu walikusanyika kumtazama mtoto wa Mluo aliyekuwa amesomea Hawaii akiapishwa kuwa rais wa Marekani. Kiapo kilichomo katika katiba yao huweka "faithfully" kati ya "will" na "execute", mahali palepale penye -sha- katika kitenzi chetu. Jaji Mkuu John Roberts alikuwa akikitamka bila karatasi. Kielezi akakiondoa katikati akakipeleka mwisho wa kifungu. Barack Obama, aliyekijua kiapo, alisita. Roberts akajaribu kurekebisha. Hatimaye Obama alikirudia kwa mpangilio mbaya aliosomewa mwanzo. Kesho yake, kwa tahadhari ya kisheria, kiapo kilirudiwa katika chumba cha Ikulu ya Marekani. Mwanaisimu Steven Pinker aliandika siku zile kwamba kosa hilo lilitoka katika ile hofu ya zamani ya kutenganisha kisaidizi na kitenzi chake. Kama ni hivyo, basi hofu iliyokuzwa shuleni miaka 145 nyuma iliweza kumtelezesha jaji mkuu wa taifa hadharani, naye akizungumza lugha ya mama yake.

Nadharia nayo imekaribia kulisema wazi jambo ambalo kitenzi chetu kimekuwa kikilionyesha. Mwaka 1989 mwanaisimu Jean-Yves Pollock alitumia vielezi kama vigingi vya kupimia: kwa kuwa kielezi hakisogei, akasema, mahali kitenzi kilipo kikilinganishwa nacho panatuambia kitenzi kimesogea kiasi gani. Kwa kipimo hicho akaeleza tofauti ya Kifaransa na Kiingereza. Miaka 10 baadaye, 1999, Guglielmo Cinque wa Venice alikusanya lugha za mabara mbalimbali na kudai kwamba vielezi hufuatana kwa utaratibu maalumu, na kwamba utaratibu huo unalingana na ule wa viambishi vya wakati na hali ndani ya vitenzi. Madai yake yamepingwa na wengine na kutetewa na wengine. Kwa msemaji wa Kiswahili kiini chake hakihitaji imani kubwa. "Nimeshasoma" na "I have already read" vimekilaza wazi mezani.

Na Singida haikustahili kuwa pembeni katika mazungumzo hayo. Katika eneo hili la Bonde la Ufa hukutana lugha za koo ambazo kwingineko Afrika haziishi pamoja: za Kibantu kama Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi; za Kikushi kama Kiiraqw na Kiburunge; Kidatooga cha Kiniloti; Kisandawe chenye vidoko, na Kihadza upande wa Ziwa Eyasi. Howard Olson, mmisionari Mlutheri ambaye Wakristo wengi wanamjua kwa nyimbo alizozikusanya, aliandika uchambuzi wa sauti na maumbo ya Kinyaturu mwaka 1964. Wilfred Whiteley alikuwa ameshughulikia Kiiraqw miaka ya 1950, na Maarten Mous akakitolea sarufi kamili mwaka 1993. Mwaka 2008 Roland Kießling, Mous na Derek Nurse walionyesha jinsi lugha za bonde hili zilivyoambukizana tabia kwa kuishi jirani.

Kiiraqw, kinachozungumzwa Mbulu, Karatu na Hanang', kinatoa mfano wa tatu wa jambo letu. Sentensi yake ina neno fupi linalobeba nafsi, wakati na hali, nalo husimama mbali na kitenzi. Kati ya neno hilo na kitenzi panaweza kuingia kielezi, hata yambwa. Kwa maneno mengine, Mwiraqw huacha nafasi wazi katikati kama Mwingereza, na hiyo bila kumsikia Mwingereza hata mmoja. Mtoto wa Kiiraqw anayepanda basi kwenda kusoma Ikungi huja na mlango uliofunguka tayari upande mmoja, na mwenzake wa Kinyaturu na Kiswahili huja na mlango uliofunguka upande mwingine.

Pale ulinganifu unapovunjika, historia ndiyo inayoeleza kwa nini. "Huchelewa" na "usually comes late" vinakubaliana, lakini "huwa mgonjwa" haikubaliani na "is usually ill", kwa sababu hapo kielezi cha Kiingereza kimerudi nyuma ya kitenzi. Kitenzi cha kuwa, "be", hakikuacha kuruka pale vitenzi vingine vilipoanza kuacha katika karne ya 16. Kinaruka "not", kinaruka "always", kinaruka "never", kama vitenzi vya Kiingereza vilivyokuwa bado vinaweza kufanya siku ambazo Wareno walikuwa ndio kwanza wanajenga Ngome ya Yesu Mombasa. Mtoto wa kidato cha kwanza anayeandika "She always is late" ametumia kanuni ya vitenzi vilivyobadilika kwa kitenzi ambacho hakijabadilika.